Mume Wangu Amegoma Kuacha Mashine, na Kwanjula ya Binti Yetu Imefika

Mpendwa Shangazi Marie-Louise, naomba msaada wako, na kabla sijaanza naomba usinicheke, kwa sababu hata mimi nikijisikiliza nacheka, halafu nikikumbuka kwamba tarehe inakaribia kicheko kinakatika. Mimi ni mwanamke Mnubi, mzaliwa wa Bombo, nauza betri za magari Kisenyi katika duka aliloniachia marehemu baba yangu, na nimeolewa na polisi mstaafu kutoka Lira ambaye hapa nitamwita Odyek, majina nimeyabadilisha yote ingawa Kisenyi ni Kisenyi na watu watajua tu. Tulikutana kambi ya polisi Nsambya, yeye Mkatoliki mimi Mwislamu, yeye hajui Kinubi mimi sijui lugha ya kwao, kwa hiyo nyumba yetu tangu siku ya kwanza ni nyumba ya Kiswahili, na wala sina malalamiko ya ndoa, shangazi, najua wengi wanaokuandikia wanalia lakini mimi silii, mume wangu hanywi, hana maneno ya kuudhi, na anakula chochote ninachompikia hata siku nikizidisha chumvi. Shida yangu ni mashine.

Odyek alikuwa mtu wa redio ya polisi maisha yake yote ya kazi, yule anayekaa na vyombo masikioni akisubiri vituo vya mbali viite naye aitikie, na alipostaafu akawa kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, anakuja dukani kwangu anapanga betri ambazo nimeshazipanga, anabishana na wateja kuhusu magari yao, mpaka binti yetu Aol, ambaye amesomea kompyuta na anafanya kazi Ntinda, akamhurumia akamwambia, "Baba, mimi nakutafutia kazi ya kukaa na kusikiliza, kama ile ya zamani." Ndipo akaleta habari za blokcheni. Nitakueleza nilivyoelewa mimi muuza betri: ni mtandao wa sarafu za kwenye kompyuta, hauna bosi wala makao makuu, mashine nyingi katika nchi nyingi zinatunza kumbukumbu moja ya nani amemtumia nani nini, na kila mara zinaulizana, hii ni kweli? na kila mashine iliyokubaliwa inajibu kwa kutia sahihi yake, ndiyo, nimeona, ni kweli. Mashine hiyo wanaiita nodi, mwenye nodi ni mthibitishaji, na ili ukubaliwe kujibu lazima uweke dhamana, yaani sarafu zako zinafungiwa humo ndani, ukifanya kazi safi unapata chochote, ukileta udanganyifu inakatwa. Odyek aliposikia neno dhamana alikaa wima kwenye kiti. "Hiyo ni mambo ya polisi," akasema. "Hiyo mimi naelewa."

Basi walianza, baba na binti, nyuma ya duka langu, kwa sababu pale betri hazikosekani na umeme ukikatika mashine haihisi. Aol alikuwa anakuja kila jioni akitoka kazini, anavuta kiti chake cha plastiki anakaa karibu na baba yake, skrini nyeusi imejaa maandishi madogo meupe, na mashine ikawa inavuta historia yote ya mtandao tangu ulipozaliwa, siku nenda siku rudi, tukinunua data inameza, tukinunua nyingine inameza, nikasema hii si mashine, hii ni mgeni wa Idi asiyeondoka. Lakini nilikuwa nafurahi, shangazi, nisikudanganye, kwa sababu mume wangu alikuwa anacheka tena. Siku ya kufunga dhamana, ambayo ilitoka kwenye kiinua mgongo chake, alipiga pasi shati jeupe akalivaa, Aol akamwambia, "Baba, bonyeza wewe," naye akabonyeza, na mashine ilipojibu kwa mara ya kwanza na mtandao ukaipokea alinishika mkono mbele ya wateja, jambo ambalo watu wa kwao hawana kabisa. Sasa hivi hata wenzake wawili wastaafu wameweka sarafu zao nyuma ya nodi yake kwa sababu wanamwamini. Hajawahi kukosa kujibu isipokuwa mara moja tu, paka alipokanyaga waya, na siku hiyo hakula.

Sasa sikiliza kilichotokea. Aol amepata mchumba, anaitwa Olal, mwalimu wa sekondari huko Gulu, kijana mpole, na baada ya harusi watakaa hukohuko Gulu. Kwanjula, yaani ile sherehe ya mchumba kuja kutambulishwa kwa ukoo, ni Jumamosi, wiki mbili kutoka leo, nyumbani kwa wazee wa Odyek kule Lira, ng'ombe wameshazungumzwa, mahema yamelipiwa, mimi nimeshona gauni la gomesi la rangi ya zabibu, na wiki iliyopita namuuliza mume wangu kama koti lake limetoka kwa dobi ananiambia bila hata kuniangalia, kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mama Aol, mimi siendi. Kaka yangu mkubwa atasimama kwa nafasi yangu. Mimi nabaki kwa posti."

Nikamwambia, "Posti gani? Wewe si umestaafu?"

"Mashine kama nanyamaza, nani atajibu? Kwa redio, kosa ya kwanza ni kunyamaza. Vituo vyote nakuita na wewe hauko, hiyo ni aibu."

"Odyek, ni mtoto wako mwenyewe!"

"Kule kwa kazi tulikuwa na seti mbili. Moja kubwa, moja ya akiba, zote iko wazi, zote nasikiliza. Hii kubwa ikinyamaza, ile ya akiba najibu. Kama seti ya pili ingekuwa hapa, sawa, mimi nakwenda hata leo. Lakini Aol nakataa seti ya pili."

Na ni kweli Aol alikataa, mimi nilikuwapo, alisema, "Baba, mashine mbili kwa ufunguo mmoja ni mbaya kuliko mashine kuzimika," na baba yake akacheka akasema huyu mtoto hajawahi kukaa kwa redio. Aol aliposikia kwamba baba yake haji Lira alichukua mkoba wake akaenda zake, na kesho yake akanipigia simu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, kama baba haji, mimi naahirisha. Siwezi kuolewa huku kiti cha baba yangu kiko tupu." Unaona nilivyobanwa. Kuahirisha kwanjula baada ya ng'ombe kuzungumzwa ni kuwatukana watu wa Gulu, na Olal hana kosa, ingawa juzi alipokuja dukani kusalimia Odyek alimkalisha juu ya kreti ya betri, kiti cha Aol kiko hapohapo wazi, kile kiti hamruhusu mtu yeyote kukikalia hata mimi mwenyewe. Na jambo jingine, tangu mazungumzo ya mahari yaanze kila jioni anamwita Aol aje aangalie tatizo kwenye skrini, Aol anaacha kazi zake anakuja, anaangalia, hakuna tatizo.

Basi nikamwendea mdogo wangu Muhamadi, fundi simu, meza yake iko jirani na duka langu, nikamweleza habari ya seti ya pili, akaniambia, "Dada, hiyo kitu kidogo sana, mimi kila siku nahamisha simu ya watu, nachukua yote ndani naweka kwa laptop ingine, inakuwa sawasawa kama mapacha." Jumapili iliyopita Odyek alipokuwa misani Muhamadi akaingia, maneno ya siri yamebandikwa ukutani kwa hiyo hakukuwa na shida, akanakili kila kitu pamoja na huo ufunguo, na sasa laptop iko nyumbani kwake Namuwongo, intaneti imeunganishwa, inangoja tu neno langu. Mpango wangu ni kwamba siku ya safari Muhamadi aiwashe, zote mbili zijibu kwa pamoja, halafu nimwambie mume wangu, seti ya akiba iko hewani, vaa koti twende. Nataka iwe zawadi. Swali langu ni hili: je, ni vibaya kufanya hivyo bila kumwambia Aol, na Odyek nimwambie kabla ya safari au tukiwa tumeshavuka daraja la Karuma hawezi kurudi? Muhamadi anataka kuiwasha hata sasa kuijaribu, nimemwambia angoje kwanza shangazi ajibu.

Ni mimi, Mama Aol, Kisenyi.

JIBU LA SHANGAZI

Mama Aol, mpigie Muhamadi sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata, umwambie asiiguse hiyo laptop. Tulikupigia kwa namba uliyoandika chini ya barua, simu ikaita mpaka ikachoka, bila shaka ulikuwa unauza betri, kwa hiyo nalazimika kukuambia hapa mbele ya wasomaji wote. Asiiwashe kuijaribu, asiiwashe hata dakika moja. Ukishapiga, rudi tuongee.

Mimi sijui blokcheni. Nilikwenda kwa Atoo, dada anayeangalia kompyuta za gazeti hili, nikamsomea barua yako, na nilipofika kwenye neno mapacha aliweka kikombe cha chai mezani akapaza sauti mpaka waandishi wa michezo wakageuka. Ameniambia hivi. Mtandao ule una makosa mawili ambayo mtu wa nodi anaweza kufanya. La kwanza ni kunyamaza: umeme umekatika, paka amekanyaga waya, mashine haijibu. Kwa hilo unakatwa kidogo, ukizidi unawekwa pembeni, halafu ukiwa tayari unaomba kurudi na unarudishwa. La pili ni kutia sahihi mara mbili: ufunguo mmoja unajibu kutoka mashine mbili kwa wakati uleule. Hapo mtandao hauulizi kama ni mke mwema alitaka kumpa mumewe zawadi. Unaona mtu mmoja anasema maneno mawili, na huyo kwake ni tapeli. Dhamana inachanwa, wale wazee wawili walioweka sarafu zao nyuma yake wanakatwa pamoja naye, na ile nodi inafukuzwa moja kwa moja, ufunguo wake haupokelewi tena. Fikiria mume wako ameonekana yuko zamu katika vituo viwili kwa saa ileile, na kote ametia sahihi. Nani kwenye jeshi la polisi angemwelewa?

Kwa hiyo Mzee Odyek anaogopa kosa dogo, na wewe ulikuwa unamwandalia kosa kubwa, tena ulitaka kulifunga kwa karatasi ya zawadi. Simlaumu kwa kupenda seti mbili. Pale kazini kati ya redio kubwa na ya akiba alikuwa amekaa mtu, tena mtu makini, yeye mwenyewe, na mtu huyo hakuruhusu zote mbili ziseme kwa pamoja. Hapa kati ya Kisenyi na Namuwongo angekaa nani? Muhamadi? Na binti yenu aliwaambia wazi, tena kwa maneno machache yaliyonyooka, mashine mbili kwa ufunguo mmoja ni mbaya kuliko mashine kuzimika. Mngeyasikia kutoka kwa mgeni mwenye tai mngeyaandika. Mmeyasikia kutoka kwa mtoto mliyemnyonyesha na kumbeba, mkacheka.

Sijamaliza kukugombeza. Maneno ya siri ukutani, Mama Aol! Kwenye duka la betri, Kisenyi, ambako kutwa watu wanaingia na kutoka! Na mdogo wako anaingia kunakili sahihi ya shemeji yake wakati mwenyewe amepiga magoti misani. Najua hamkuwa na nia mbaya, najua ulikuwa unatafuta njia ya kumfikisha mumeo Lira, lakini ule ufunguo ni jina lake, na jina la mtu halinakiliwi akiwa hayupo.

Sasa nikuambie kilichonigusa zaidi. Umeandika barua ndefu yote kuhusu mashine, na mimi nilipomaliza kuisoma nilikuwa namwaza mume wako tu. Mtu aliyefanya kazi ya redio maisha yake yote, ukimwambia anasafiri, swali lake la kwanza lingekuwa hili: naweza kusikiliza kutoka mbali? Atoo anasema inawezekana, tena ni jambo dogo, Aol anaweza kuweka kwenye simu ya baba yake taarifa itakayomwonyesha kama mashine inajibu, awe Lira, awe Arua. Mzee Odyek hakuuliza. Ana binti fundi anayekuja kila jioni, na hakuuliza. Anamwita kuangalia matatizo ambayo hayapo, anamkalisha mchumba juu ya kreti, na unaniambia ni habari ya posti! Mama Aol, mume wako hataki binti yake aende Gulu. Alistaafu akabaki hana wa kuongea naye, Aol akamrudishia kazi na akakaa naye humo ndani ya kazi, na sasa anaona Jumamosi inakuja kumchukua. Hana maneno ya kulisema hilo, kwa hiyo anasema mashine itanyamaza. Namhurumia sana. Mimi nilipomtoa binti yangu nilikwenda kulilia chooni ili watu wa upande wa pili wasinione, na mimi ni mwanamke, nimeruhusiwa kulia.

Na wewe, nisikufiche, una bahati. Una mume anayecheka, una binti asiyekubali kuolewa baba yake akiwa hayupo, una mkwe aliyekaa kwenye kreti bila kununa. Wengi wanaoniandikia wangebadilishana na wewe leo hii pamoja na paka wako. Usiiharibu furaha hiyo kwa ujanja wa kuvuka Karuma.

Fanya hivi. Leo Muhamadi alete ile laptop mkononi mwake, ampe Aol, na Aol aifute kila kitu mwenyewe mpaka ibaki tupu. Usikubali kuambiwa imezimwa tu, imewekwa kabatini. Iliyozimwa kuna siku mtu ataiwasha. Maneno ya siri yabadilishwe, karatasi itoke ukutani, na Muhamadi arudi kwenye simu zake. Leo jioni, Odyek akishakula, umwambie ulichofanya. Usimtume Aol, usimtume kaka yake, wala usianze kwa kumsifia ndipo uingie. Mwambie, nilinakili ufunguo wako kwa sababu nilitaka twende pamoja, nimekosa, umeshafutwa. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki yake, na usimjibu. Mtu anayekula chakula chenye chumvi nyingi bila kusema neno atakusamehe na hili.

Mashine mwiache palepale, betri zimejaa, mlango umefungwa, inajibu yenyewe, na simu ya mzee iwe inamletea habari zake. Ikinyamaza Jumamosi mchana wakati wageni wanaingia, inyamaze. Atakatwa kidogo, Jumatatu ataomba kurudi, atarudi. Hao wenzake wawili waambiwe mapema kwamba mzee yuko kwenye kwanjula ya binti yake, na kama ni marafiki watasema aende, pengine watataka na wao nafasi kwenye gari.

Halafu kuna jambo la mwisho, na hili si lako wewe kulifanya. Kabla ya safari, siku moja jioni, toka dukani uwaache wawili wale nyuma peke yao, nenda hata kwa jirani ukanywe chai. Mwambie Aol asizungumze mtandao wala Lira wala ng'ombe. Amuulize baba yake, wao wawili tu, kama anakubali yeye aende, halafu anyamaze angoje jibu hata likichelewa. Jumamosi wageni watasimama mbele ya ukoo mzima wamuulize Mzee Odyek swali hilohilo, na mtu hastahili kulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wageni.